Namna ya Kudai Haki Katika Mto wa Mpakani: Mwongozo kwa Vijiji vya Bonde la Songwe

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, watendaji, viongozi wa jumuiya za watumia maji na wakulima wa Kyela na Ileje ambao mashamba yao yanagusa Mto Songwe, ule unaotenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Anayeishi kando ya Ruvuma au Kalambo, mito mingine ya mpakani, atakuta mengi yanayomfaa pia, kwa kuwa msingi wa sheria ni ule ule. Nimekuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo nimeona madai ya haki kabisa yakishindwa kwa sababu wadai walidai kitu kisichokuwa chao kudai, mbele ya ofisi isiyokuwa na mamlaka nacho, wakiwa hawana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya kushika kalamu, ni kuutaja mto wenyewe sawasawa. Tuna Songwe mbili. Moja inashuka kuelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa na haivuki mpaka wowote; nyingine ndiyo hii yetu ya mpakani. Tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016 jina hilo limezidi kuwachanganya watu walio mbali, kwa hiyo andika wazi katika mstari wa kwanza wa barua: Mto Songwe unaoingia Ziwa Nyasa, katika kijiji fulani, kata fulani, wilaya fulani.

Tenganisha mpaka na maji

Katika mto wa mpakani kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya kila mara. Swali la kwanza ni la mpaka: ukingo huu, kisiwa hiki cha mchanga, jaruba hili la mpunga, viko nchi gani? Swali la pili ni la matumizi: nani ana haki ya kuchota, kuchepusha, kuvua na kumwagilia, kwa kiasi gani, na kwa kumwachia jirani kiasi gani? Swali la kwanza hujibiwa na dola mbili, kwa mikataba na ramani, na mwanakijiji ni shahidi tu ndani yake. Swali la pili linaanzia kijijini, na hapo mwanakijiji ni mdai mwenye haki zake kamili.

Barua ya kwanza niliyosaidia kuiandika ilikuwa na kurasa nne. Kurasa tatu zilieleza kwamba mto umehama na kwamba ardhi ya ng'ambo ni yetu tangu enzi za mababu. Katika aya mbili za mwisho tulieleza kwamba banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji, lililojengwa upande wa juu, kwenye kijito kinachoingia Songwe, limekausha mfereji wetu katika miezi ya kiangazi. Ofisi tuliyoiandikia ilijibu kwa sentensi mbili kwamba masuala ya mipaka ya nchi hayashughulikiwi katika ngazi yake, ikaihifadhi barua kwenye jalada. Habari ya banio, ambayo ofisi ile ile ilikuwa na uwezo wa kuichunguza wiki hiyo hiyo, haikusomwa. Kiangazi chote kilipita bila maji.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja ambayo nawasihi wengine waishike: barua moja, swali moja. Kama una dai la maji, liandike bila kugusa mpaka. Utashangaa jinsi madai mengi ya maji yanavyoweza kusimama yenyewe bila mtu yeyote kusema mpaka uko wapi.

Utengano huu una mizizi mirefu. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika, chini ya msimamo uliokuja kujulikana kwa jina la Nyerere, iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 ya maji ya Mto Nile, kwa kuwa yalifanywa na mkoloni na hayaendani na hadhi ya nchi huru. Miaka miwili baadaye, Julai 1964, viongozi wa Afrika walikutana Cairo na kukubaliana kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Wapo wanaoona hapo mgongano: mkataba wa mkoloni kuhusu maji unakataliwa, mpaka wa mkoloni unakubaliwa. Mimi naona hekima. Mpaka ukifunguliwa upya, kila kijiji cha mpakani kinakuwa uwanja wa ugomvi. Lakini mgawanyo wa maji usipofunguliwa upya, dhuluma ya mwaka 1929 inakuwa ya milele. Ndiyo maana inafaa mpaka utulie na maji yajadiliwe.

Soma karatasi zinazouhusu mpaka wako

Hata kama dai lako ni la maji, unapaswa kujua mpaka umeandikwaje, maana upande wa pili wataujua. Chanzo ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Ibara yake ya kwanza inaeleza mstari unaotoka Ruvuma, unafika Ziwa Nyasa, unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe, kisha unapanda na mto. Tume ya nchi hizo mbili ilipima eneo hilo mwaka 1898, na makubaliano yaliyofuata yalitiwa saini mwaka 1901.

Maneno hayo ya ufuko ndiyo kiini cha mgogoro wa Ziwa Nyasa. Malawi inayashika jinsi yalivyoandikwa, pamoja na azimio la Cairo. Tanzania inasema kwamba mpaka unaomnyima mwanakijiji wa Matema au Mbamba Bay maji yaliyo mbele ya nyumba yake haupatani na desturi ya mataifa ya kupitisha mstari katikati ya ziwa, na inakumbusha kwamba ibara ya sita ya mkataba huo huo iliruhusu mistari kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Mgogoro huo uliibuka kwa nguvu mwaka 1967 na 1968, ukatulia, ukaamka tena mwaka 2011 na 2012 Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, na usuluhishi ukakabidhiwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mwenye dai la mto asijiingize humo. Mtoni nchi zote mbili zinakubali kwamba mpaka unafuata Songwe. Hiyo ni faida kubwa kwako, na haifai kuibadilisha kwa ugomvi wa ziwa.

Somo zuri zaidi la kimahakama kwetu linatoka kwenye mkataba huo huo wa 1890, ila kwenye ibara nyingine na mto mwingine. Ibara ya tatu iliweka mpaka wa Botswana na Namibia ya leo katikati ya mkondo mkuu wa Mto Chobe. Ndani ya mto huo kuna kisiwa ambacho Namibia inakiita Kasikili na Botswana inakiita Sedudu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 13 Desemba 1999, ikaangalia upana, kina na wingi wa maji, ikaamua kwa kura 11 dhidi ya 4 kwamba mkondo mkuu ni ule wa kaskazini na kwamba kisiwa ni cha Botswana.

Mambo mawili katika hukumu hiyo yanamhusu mkulima moja kwa moja. Namibia ilijitetea kwamba Wamasubia wa upande wake walikuwa wakilima kisiwani kwa miaka mingi. Mahakama haikukataa kwamba walilima; ilisema kwamba kulima kwao kwa misimu hakukuwa tendo la dola, na hakuwezi kuhamisha mpaka. Kwa hiyo mtu anayelima vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, kwenye ardhi ya ng'ambo kwa miaka 20 asidhani kwamba jembe lake linaipa Tanzania ardhi hiyo. Jambo la pili ni kwamba Mahakama hiyo hiyo ilitamka kuwa raia na vyombo vya nchi zote mbili watatendewa kwa usawa katika mikondo yote miwili ya mto. Ardhi ikaenda upande mmoja, matumizi ya maji yakabaki ya wote.

Mto ukihama

Songwe ya chini, inapoingia tambarare ya Kyela, ni mto wa kujipindapinda. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, na masika yanapokuja mto hubeba udongo wa milima ya Ileje na Misuku, huujaza mkondo wake wenyewe, kisha hutafuta njia mpya. Familia imelala Tanzania na kuamka shamba lake likiwa ng'ambo ya maji.

Sheria ya mataifa inatofautisha hali mbili. Mto ukila ukingo polepole, msimu hadi msimu, mpaka unaofuata mto kwa kawaida husogea pamoja nao. Mto ukiruka ghafla na kuacha mkondo wake mkavu, mpaka kwa kawaida hubaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama hakuna tena maji hapo. Marekani na Mexico ziligombana kwa takriban miaka 100 juu ya eneo la Chamizal, kati ya El Paso na Ciudad Juárez, kwa sababu Rio Grande ulihama na kila upande ukaeleza kwa namna yake kama ulihama polepole au ghafla. Uamuzi wa usuluhishi wa mwaka 1911 haukukubaliwa na Marekani, na suala likamalizwa kwa mkataba wa mwaka 1963 tu.

Jibu la swali hilo, polepole au ghafla, halimo katika jalada lolote la Dodoma wala Lilongwe. Limo vichwani mwa watu waliokuwapo usiku ule. Wakifa, nalo linakufa. Hii ndiyo sababu nasisitiza sehemu inayofuata kuliko nyingine zote.

Fungua daftari la mto

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji cha mpakani kinahitaji daftari la mto kama kinavyohitaji rejista ya wakazi, na kulianzisha hakugharimu zaidi ya kaunta buku, kamba ya kupimia na mtu mmoja mwaminifu mwenye mwandiko unaosomeka.

Anza kwa kuchagua alama tatu au nne za kudumu zilizo mbali kidogo na ukingo: mwembe mkubwa, kona ya darasa, nguzo ya umeme, msalaba wa kanisa. Pima kwa kamba umbali kutoka kila alama hadi ukingo wa maji, uandike kwa mita pamoja na tarehe. Rudia vipimo hivyo mara mbili kwa mwaka, mwezi Oktoba maji yanapokuwa chini kabisa na mwezi Mei au Juni masika yanapoisha, na kila mara piga picha ukiwa umesimama mahali pale pale ukielekeza simu upande ule ule. Simu nyingi siku hizi huonyesha vipimo vya GPS. Vinakili daftarini kwa mkono, maana simu huibwa na huanguka mtoni. Baada ya miaka mitatu utakuwa na ushahidi ambao hakuna wakili anayeweza kuutengeneza baada ya tukio.

Mafuriko yakija, mwandishi wa daftari asiandike tu kwamba mto umehama. Aandike saa maji yalipoanza kupanda, saa yalipovunja ukingo, mahali yalipovunjia, na kama mkondo wa zamani ulibaki na maji, ulibaki na madimbwi au ulikauka, na baada ya siku ngapi. Aandike majina ya watu wasiopungua watano walioona, wakiwamo wanawake, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huwa wa kwanza kufika mtoni alfajiri na ndio wanaojua maji yalikuwa wapi jana yake. Kila shahidi aweke sahihi au dole gumba. Kwa kila kaya iliyopoteza shamba, andika ukubwa kwa ekari, zao lililokuwamo, hatua liliyofikia, na magunia ambayo shamba hilo lilitoa katika misimu miwili iliyopita. Usiongeze. Nimeona orodha moja ya wadai ikitupwa yote kwa sababu kaya mbili zilijiandikia ekari ambazo kijiji kizima kilijua hazikuwapo, na kaya nyingine zilizosema kweli zikaadhibiwa pamoja nazo.

Kwa upande wa maji yenyewe, simika mti wenye alama za sentimita mahali penye maji tulivu, kwenye mfereji na kwenye mto, na usome kina chake mara moja kila wiki katika kiangazi. Andika pia siku ambazo banio la juu lilifungwa au kufunguliwa kama unazijua. Dai la kwamba maji yamepungua ni maneno. Jedwali linaloonyesha kwamba kina kilikuwa sentimita 40 kila Septemba na sasa ni 15 ni ushahidi, na afisa wa maji wa bonde anaweza kulilinganisha na vipimo vyake mwenyewe.

Usisahau picha za angani. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 mtu yeyote anaweza kuzipata bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa upimaji kutoka chuo chochote cha Mbeya anaweza kukuonyesha kwa siku moja jinsi pindo la mto lilivyosogea tangu miaka ya 1980. Picha hizo hazionyeshi mambo madogo, lakini zikikubaliana na daftari lako, daftari linapata nguvu mara mbili.

Kisha peleka daftari kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lisomwe, liingizwe kwenye muhtasari, na mtendaji aligonge muhuri. Karatasi isiyo na muhuri wa kijiji huonekana wilayani kama barua ya mtu binafsi.

Jenga hoja ya mgawanyo wa haki

Sasa una ushahidi. Unahitaji kanuni ya kuuegemeza. Chombo kinachotufaa zaidi ni Itifaki ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika) iliyorekebishwa kuhusu mito na maziwa ya pamoja, iliyotiwa saini Windhoek tarehe 7 Agosti 2000 na kuanza kutumika Septemba 2003. Wapo wanaopenda kuutaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mito ya kimataifa, na ni kweli kwamba mawazo yake ndiyo yaliyoingizwa kwenye Itifaki hiyo. Lakini siku ulipopigiwa kura Tanzania haikuunga mkono wala kupinga, kwa hiyo kuutaja kama sheria inayotufunga kunadhoofisha barua. Taja Itifaki.

Itifaki inataka mto wa pamoja utumiwe kwa usawa na kwa busara, na inataja mambo ya kupimwa: jiografia na hali ya hewa, mahitaji ya kijamii na kiuchumi, idadi ya watu wanaoutegemea mto, athari ya matumizi ya mmoja kwa mwingine, matumizi yaliyopo na yanayoweza kuja, uhifadhi, na kama kuna njia mbadala. Inataka pia nchi ichukue hatua zote zinazofaa ili isimdhuru jirani yake kwa kiasi kikubwa. Andika hoja yako kwa kufuata mambo hayo moja baada ya jingine, ukijaza kila moja kwa habari za daftari lako. Watu wangapi wanakunywa maji haya? Ekari ngapi za mpunga na kakao zinayategemea? Kisima cha karibu kiko umbali gani? Mashamba yale ya juu yana kijito kingine? Mahitaji ya uhai, yaani maji ya kunywa, kupikia na kunywesha mifugo michache ya nyumbani, yatangulie mbele ya yote, kwa sababu ndiyo hoja ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeikataa.

Hapa naomba wasomaji wangu wa upande wa Tanzania tuwe wakweli. Haki ya mto ina pande mbili, na sisi pia ni watu wa juu kwa wengine. Maji ya Songwe yakishaingia Ziwa Nyasa hutoka kwa Mto Shire, huingia Zambezi na kumalizikia baharini Msumbiji. Kila tunachomwaga Ileje kina mtu anayekipokea. Wala hatuhitaji kuvuka mpaka ili kuona dhuluma ya maji. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu, mto ambao haugusi nchi nyingine yoyote, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochepushwa katika tambarare ya Usangu, Mbarali. Mkulima wa Usangu anayesema maji ni yake kwa kuwa yanapita kwake anatumia hoja ile ile aliyoitoa mwanasheria mkuu wa Marekani, Judson Harmon, mwaka 1895, kwamba nchi iliyo juu haina wajibu wowote kwa Mexico iliyo chini. Marekani yenyewe haikuishika hoja hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1906 ilitia saini mkataba wa kuigawia Mexico maji ya Rio Grande. Tusidai kwa Malawi kile tunachowanyima ndugu zetu wa Iringa.

Kagua basi nyumba yako kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka kila anayechepusha au kuhifadhi maji awe na kibali cha kutumia maji, isipokuwa matumizi ya nyumbani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kama skimu yenu ya umwagiliaji haina kibali, au kama majaruba mnayodai kuharibiwa yalikuwa mita tano kutoka majini, upande wa pili utaanzia hapo, na utakuwa na haki ya kuanzia hapo. Ombeni kibali kabla ya kulalamika.

Gonga mlango ulio wazi

Dai la maji dhidi ya mtumiaji wa upande wetu lipelekwe kwanza kwenye jumuiya ya watumia maji, kisha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu. Dai la shamba kati ya wanakijiji lianzie baraza la ardhi la kijiji. Haya yanajulikana na sitayarefusha.

Dai linalomhusu mtumiaji au mradi wa upande wa Malawi lipitie kijiji, halmashauri ya wilaya na Bodi ya Bonde, nakala ikienda kwenye Tume ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, ambayo mkataba wake nchi hizi mbili ziliutia saini mwaka 2017. Tume hiyo ndiyo mahali ambapo jambo dogo la vijiji viwili linaweza kuzungumzwa kabla halijawa jambo la mawaziri. Uliza swali moja mahususi: je, mradi huu ulitolewa taarifa? Itifaki ya SADC inaitaka nchi inayopanga mradi unaoweza kumdhuru jirani impe taarifa pamoja na takwimu mapema, na jirani apewe miezi 6 ya kujibu. Katika kesi ya Argentina na Uruguay kuhusu viwanda vya karatasi kando ya Mto Uruguay, Mahakama ya Kimataifa iliamua tarehe 20 Aprili 2010 kwamba Uruguay ilivunja wajibu wa kutoa taarifa, ingawa haikuthibitika kwamba ilichafua mto. Kumbe kukosa kutoa taarifa ni kosa lenyewe, hata kabla ya madhara, na ni kosa rahisi zaidi kulithibitisha.

Ni vyema pia kujua milango iliyofungwa, ili msichangishane fedha za wakili bure. Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza dola tu. Baraza la mahakama la SADC lilisimamishwa mwaka 2010, na itifaki mpya ya mwaka 2014 ikaondoa nafasi ya mtu binafsi kulifikia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu hao walioondolewa ndio hasa wanaokaa kingoni mwa mito. Kilicho karibu nasi ni mahakama zetu za ndani, na serikali yetu kutusemea; nayo haiwezi kutusemea kwa jambo ambalo hatukuliandika.

Bwawa likija

Mpango wa bonde la Songwe unajumuisha mabwawa, na lile la Songwe ya chini limekusudiwa kuzalisha takriban megawati 180 za umeme wa kugawana kati ya nchi mbili, kupunguza mafuriko na kumwagilia mashamba pande zote. Mimi ni miongoni mwa wanaoutakia heri mpango huo, kwa kuwa mto uliotulizwa ni mpaka uliotulia. Lakini bwawa hufunika ardhi ya mtu. Hudhurieni kila mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira na hakikisheni hoja zenu zinaandikwa. Mthamini akija, kila kaya iwe na orodha yake ya miti, makaburi, majengo na mazao kabla yeye hajafika, na mtu asisaini fomu ambayo hajaisoma au hajasomewa na mtu anayemwamini. Sheria zetu za ardhi zinataka fidia kamili, ya haki na inayotolewa mapema. Ulizeni tarehe ya kulipwa, na iandikwe. Waliopoteza maji bila kupoteza ardhi, kama wavuvi na wenye vinyungu vya chini ya bwawa, nao wajiorodheshe, kwa sababu wao ndio husahaulika.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko sheria zote. Tuna ndugu ng'ambo. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanazungumza lugha zinazosikilizana, wanaoana, wanazikana. Kabla ya barua kupanda kwenda wilayani, mwenyekiti na wazee wawili wavuke kwa utaratibu wa kawaida wa mpakani, wakaketi na wazee wa kijiji kinachowakabili, wakawasomee daftari na kuwaomba nao waeleze walichoona. Mara nyingi nao wana malalamiko juu yetu, na yafaa yasikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa. Mahali pande mbili zinapokubaliana, kwa mfano juu ya usiku mto ulipovunja ukingo au mwezi mfereji ulipokauka, andikeni karatasi moja yenye sahihi za pande zote mbili, nakala mbili, moja ibaki kwao na moja ije nyumbani, kisha ibandikwe kwenye daftari ukurasa wa tarehe hiyo hiyo.